Tarapada Babu

Kazi yangu ni kusahihisha maneno ya watu. Asubuhi nafundisha wageni Kiswahili katika chumba cha juu huko Mkunazini, mchana nasahihisha miswada ya watu wanaoandika "masaa" pale wanapotaka kusema "saa", na jioni, nikiwa bado nina nguvu, namsahihisha kaka yangu Machano mpaka anifukuze kwake. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba aliyeikoroga familia yetu kwa miaka arubaini na mbili si mtu asiyejua uzito wa neno. Ni mimi, Nadra, mwalimu mzima.

Mwaka huu, siku chache kabla ya Shaaban, nililetewa mwanafunzi mpya. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwembamba, miwani mikubwa, sari ya pamba imekunjamana kwa safari. Jina lake Mohua Bagchi, mwalimu wa historia kutoka Kolkata, huko Bengali. Hakutaka kujifunza maamkizi. Alitaka nimsaidie kuitafuta nyumba moja ya Mbweni ambayo babu yake, mzaa baba, aliishi zamani alipokuwa kijana anapima njia za mabomba ya maji. Baadaye, akasema, babu huyo alikuwa mtu mkubwa kwao: mbunge, waziri, nusura awe waziri kiongozi wa jimbo zima. Yeye Mohua anaandika kitabu cha maisha yake na kuna sura moja haiandikiki.

Nikamwambia tutaitafuta. Akanionesha picha kwenye simu.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikakiweka chini kwa mikono miwili. Kijana wa Kihindi amesimama kando ya kiti kilichovunjika mkono, kashika mwavuli uliofungwa, nywele kazichana upande. Picha ile ile, kiti kile kile, mwavuli ule ule, imo ndani ya sanduku la bati la mama yangu huko Kikwajuni, na nyuma yake pameandikwa kwa wino wa buluu: Tarapada Babu.

"Huyu anaitwa Tarapada," nilisema.

Mohua akavua miwani. "Umemjuaje?"

"Ni babu yetu."

Hadithi ya kwetu ilikuwa hivi. Bibi yangu mzaa mama, Ummukulthum, alikuwa mpishi katika nyumba waliyokaa wapimaji maji Mbweni. Alizaa mtoto mmoja tu, mama yangu Biasha, na hakuwahi kumtaja baba wa mtoto huyo. Akiulizwa hujibu, "Kasafiri," kisha huinuka akenda kutafuta ungo. Mjomba'ke mama, Mzee Machano, ndiye aliyemwandikisha skuli kwa jina lake mwenyewe, na hadi leo kitambulisho cha mama kinasema Biasha Machano. Jina la kuazima, mama husema, na akilisema hivyo hucheka kwa mdomo tu, macho hayamo. Kisha mwaka 1983, wiki mbili kabla ya bibi kufa, ikajulikana kwamba yule Mhindi wa kwenye picha ndiye babu yetu sisi watoto, na kwa hivyo ndiye baba'ke mama. Jinsi ilivyojulikana nitaeleza mbele, maana hapo ndipo ninapoona haya.

Tokea hapo mama akawa na baba. Aliamini kuwa Mhindi yule alisilimu ndipo akamwoa mama yake, na kila Shaaban, kwenye hitma ya wazee wetu, jina lake husomwa pamoja na marehemu wengine. Maalim Ubwa alipouliza mara ya kwanza, "Tarapada bin nani?" mama alijibu bila kusita, "Bin Abdallah," kama wanavyoitwa wengi waliosilimu. Miaka arubaini na mbili mtu huyo amesomewa Kikwajuni.

Mohua aliposikia hayo alilia. Kisha akanieleza ile sura isiyoandikika, nami nikachanganyikiwa kwa furaha. Mwaka 1982, babu yake alipokaribia kuchaguliwa waziri kiongozi, wapinzani wake waliichapisha gazetini barua aliyompelekea rafiki yake kutoka Unguja enzi za ujana. Ndani yake ameandika: "Homa imeniacha. Bila ya Bibi ningekufa." Na kwao, alisema Mohua, bibi ni mke, na hasa mke wa Kiislamu. Mji mzima ukazuka: kumbe mzee huyu kamtelekeza mke Afrika! Waandishi wakamzingira ngazini wakamwuliza huyo Bibi ni nani. Akawajibu, "Ni mtu aliyenirudishia uhai wangu," akapita katikati yao akaenda zake. Uwaziri kiongozi ukampita. Alirudi kwake, akafundisha watoto wa jirani kusoma, akafa mwaka 1989. Mkewe, bibi yake Mohua, hakumwuliza hata siku moja, na naye akafa na donge lake.

"Kwa hivyo ni kweli," alisema Mohua. "Mke alikuwepo. Na mtoto yupo."

"Yupo," nikasema. "Yuko Kikwajuni anachambua mchele."

Mnaweza kufikiri wenyewe mapokezi. Mohua alisema "Shikamoo" kwa taabu, mama akaitikia "Marahaba" mara tatu, akamshika uso akamtazama pua, akajitazama ya kwake kwenye kioo cha kabati. Kisha akaniuliza, "Huyu kwangu nani?"

"Baba'ke ni mtoto wa Babu Tarapada. Kwa hivyo wewe ni shangazi'ke."

Mama akakaa kitandani. Mtu aliyezaliwa peke yake hana kaka, na asiye na kaka hawi shangazi wa mtu. Miaka sabini na mbili mama ameitwa mama, bibi, wifi, Bi Biasha, lakini shangazi hajapata kuitwa. "Mwambie aniite," alisema. Mohua akasema, "Shangazi." Mama akamwita jirani yetu Bi Rahila kutoka dirishani aje asikie, na kabla ya alasiri Kikwajuni nzima ilikuwa inajua kwamba watu wa baba'ke Biasha wametokea.

Nilikaa katikati yao kutafsiri Kiingereza cha Mohua. Mohua alisimulia maisha ya mzee yule, na nitasema kweli, sikuyashika yote, na mama ndiyo kabisa. Alizaliwa katika kijiji ambacho mto ulikula nyumba zake mara mbili. Akaja Unguja kupima maji, akakaa miaka mitatu na kitu. Huku nyuma nchi yao ikagawanywa, kijiji chake kikawa upande wa pili wa mpaka, wazee wake wakavuka kwa miguu na kuku mmoja ndani ya kapu. Akarudi kwao, akachimba visima kwenye kambi za wakimbizi, na wale wakimbizi ndio waliomchagua kuwa mbunge. Akapewa uwaziri wa umwagiliaji. Akajiuzulu kwa sababu serikali yake iliwafukuza watu ili ipitishe mfereji alioutia saini yeye mwenyewe. Akahamia upinzani. Akatiwa ndani miezi kumi na minne. Waliomtia ndani wakaanguka, akawa waziri tena, akagombana tena na wenzake, akatoka, akarudishwa.

"Ebu ngoja," alisema mama. "Alikuwa upande gani?"

Nikamwuliza Mohua. Mohua akafikiri. "Nimeandika kurasa mia tatu," alisema, "na hilo sijalijua."

"Baba'ngu huyo," alisema mama, ameridhika kabisa. "Mimi pia nikiudhika huondoka. Na kazikwa wapi?"

Mohua alijibu kwamba alichomwa, kama desturi ya dini yake, na majivu yakatiwa mtoni. Maneno haya yaliponifikia mimi yalikuwa sahihi. Nikamtazama mama, hitma zote zile zikanipita akilini, nikasema, "Yuko mtoni, mama." Mama akafahamu kazikwa kando ya mto, akasema "Allah amrehemu." Sikumsahihisha. Huo ndio ufundi wangu.

Jumapili mama alipika. Wali wa nazi, mchuzi wa changu, mchicha, pilipili ya kusaga. Mohua aliukunja mguu mkekani, akala kwa mkono, akamchambua changu kwa vidole vitatu bila kuutazama mwiba hata mmoja. Mama akamgusa Bi Rahila kwa kiwiko. "Mtizame anavyokula samaki! Hiyo damu, hiyo haifundishwi." Alikuwa kamnunulia doti ya kanga, na ilikuwa juu ya kabati inangoja chakula kimalizike.

Machano akaingia kachelewa, katoka kutengeneza friji ya mtu Darajani. Kaka yangu ana miaka arubaini na tano, hajaoa tena tangu alipoachana na mkewe, na ndevu anazitia piko zisionekane mvi. Mohua akainuka kidogo kwa heshima, akaunganisha viganja vyake, akasema kwa uso wa furaha, "Machano Babu!"

Bi Rahila akapaliwa na wali. Mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Machano akasimama pale pale na bisibisi mkononi.

"Babu nani? Mimi babu? Nadra, mwambie mgeni wako mimi mtoto sijampata bado, huo ubabu n'takuwa nimeupatia wapi?"

Nikatafsiri huku nacheka. Mohua akaona haya, akaomba radhi. Kwao, alieleza, mwanamme yeyote wa heshima huitwa hivyo, jina kwanza, babu nyuma. Mwalimu, karani, muuza dawa. Ni kama kusema Bwana. Hata babu yake, wenzake wote walimwita vile, hata waliomtia ndani: Tarapada Babu.

Walicheka upya. Mimi nilikuwa nimeacha. Nikajiambia hapana, basi tu, watu wana misemo yao. Lakini jicho langu la kusahihisha lilikuwa limeshafunguka na halikukubali kufungwa. Sisi tunasema Babu Machano, hatusemi Machano Babu. Mwanafunzi akiniandikia hivyo ningemkatia kwa wino mwekundu. Picha ile nimeigeuza mara mia tangu utotoni, na sikuliona kosa.

Mohua akatoa daftari, akachora mistari ya ukoo. Baba'ke juu, mama yangu pembeni yake. "Shangazi alizaliwa mwaka gani?"

"Hamsini na tatu," alisema mama mwenyewe, kwa kuwa swali hilo alilifahamu, nami nikalitafsiri jibu lake.

Kalamu ya Mohua ikasita. Akanitazama, akaandika kwenye pembe ya karatasi, kwa tarakimu ndogo, na kuinamisha kwangu: 1950. Mwezi wa kumi. Mwaka na mwezi alioondoka Tarapada Unguja, asirudi tena.

"Kasemaje?" aliuliza mama.

"Kasema chakula kitamu," nikajibu.

Alasiri ile nilimpeleka Mbweni. Nyumba haipo, pana ukuta wa hoteli, mlinzi, na mashine ya kupampu maji inayonguruma. Mlinzi alituruhusu tukae kwenye kivuli cha ukuta. Hapo nikamweleza Mohua kuwa kwetu mwanamke mtu mzima huitwa Bi, na zamani watu walilirefusha wakasema Bibi, akiwa mke wa mkubwa, akiwa muuza maandazi, akiwa mpishi. Nyumba nzima ilikuwa ikimwita bibi yangu Bibi Ummukulthum. Tarapada alipougua homa yeye ndiye aliyemwuguza, hilo tulilisikia siku zote. Akaandika jina alilolisikia.

"Kwa hivyo alikuwa mpishi wake," alisema Mohua. "Angesema neno hilo moja pale ngazini, mpishi, kila kitu kingekwisha. Angepata cheo. Bibi yangu angelala usingizi. Kwa nini hakusema?"

Labda ulikuwa ukaidi tu. Labda aliona mtu aliyemwokoa hafai kusukumwa kando kwa kusema "mpishi tu", mbele ya watu wanaocheka. Au labda aliona wanaouliza hawastahili jibu. Nimelifikiri kwa njia zote hizo na kila moja huonekana kweli kwa siku moja.

"Na ninyi," alisema Mohua, "nani aliwaambia ni babu yenu?"

Nilikuwa na miaka sita. Bibi amelala kitandani anaumwa, sanduku la bati liko wazi miguuni, mimi nachezea vitu vyake. Nikaitoa picha. "Bibi, huyu nani?" Akafumbua macho. "Babu huyo," alisema. "Tarapada Babu." Basi, hakuzidisha, akafumba tena. Nikatoka mbio hadi uani. Mama amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. "Mama! Bibi kasema huyu babu yetu!"

Yetu. Bibi hakulisema neno hilo, nimelitia mimi. Mama aliacha kukuna. Alikwenda akasimama mlangoni kwa bibi, mkono una machicha, akasimama sana, na hakuuliza. Alikuwa amengoja miaka thelathini aambiwe, na alipoona ameambiwa aliogopa kuuliza lisije likarudishwa. Baada ya wiki mbili bibi akafa.

Nilimwambia mama kesho yake asubuhi. Nilitaka kungoja mpaka Mohua aondoke, lakini mama alikuwa ameanza kusema habari ya kubadilisha kitambulisho, na alishamtuma Machano akaulize. Nikakaa chini mbele yake nikamwambia yote, mwaka wa hamsini, babu ya Kibengali, bibi ya kwetu, na "yetu" yangu.

Alinisikiliza huku anakunja nguo. "Na kule mtoni?" aliuliza.

"Alichomwa, mama. Hakusilimu. Majivu yake yalitiwa majini."

"Jengine gani uliloongeza? Jengine gani ulilopunguza?"

"Basi."

"Miaka arubaini na mbili," alisema mama. Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililonitisha. "Nlikuwa n'shazoea kutokuwa naye. Nimekaa vizuri na uyatima wangu. Ukaja wewe na mdomo wako ukanipa baba, na sasa umekuja kumchukua. Toka, Nadra."

Nikatoka. Nililia njiani mpaka Mkunazini, na sikujali nani ananitazama. Siku tatu mama hakusema nami. Akitaka kitu kwangu humwambia Machano, na Machano hunipigia simu akaniambia kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kifo.

Alhamisi ilikuwa hitma. Nilikwenda kwa sababu kutokwenda kungekuwa kubaya zaidi. Wanaume walikaa ukumbini na juzuu zao, sisi wanawake chumbani nyuma ya pazia. Mohua alikuwepo, kajitanda ile kanga, maana mama alimpa licha ya yote. Alimwita mama shangazi mara moja, kwa mazoea, akaziba mdomo. Mama akamsogezea bakuli la kaimati.

Baada ya kusoma, Maalim Ubwa akafungua daftari la marehemu, lile lile la siku zote. Akaanza na Mzee Machano, akenda kwa Ummukulthum, akapinda ukurasa. "Na Tarapada bin Abdallah..."

"Huyo muache, Maalim," alisema mama kutoka nyuma ya pazia.

Maalim akainua kichwa. "Pana nini, Bi Biasha?"

"Si wetu. Alikuwa mgeni wa mama, mama akamwuguza, akapona akenda zake. Tumemsomea vya kutosha."

Nikasikia kalamu ya Maalim inakwaruza karatasi. Mohua alikuwa ananitazama nimtafsirie, nami nikainamia bakuli la kaimati. Mama alikuwa anakazana kupanga vijiko vilivyokwisha kupangwa.

Watu walipotawanyika nilikwenda uani kuosha masinia. Mama akatoka, akavuta kibao, akakaa akaniangalia ninavyosugua.

"Nadra."

"Naam, mama."

"Siku yangu ikifika, watu wataulizana, Biasha binti nani. Waache waulizane. Mimi Maalim atakapokaa juu ya kaburi langu kunisomea talqini, hataniita kwa baba. Mtu huko anaitwa kwa mama'ke. Biasha binti Ummukulthum. Umesikia?"

"Nimesikia."

Akaliinua sinia nililokwisha kuliosha, akalitazama kwenye mwanga, akanirudishia nilioshe upya.

"Basi hapo," alisema, "usije ukaongeza neno."